Nataka kumuona bibi Bukoba, ila kule wanadhani nafuata kibanja, shamba la ukoo

Senga, shangazi yetu wa ushauri, shikamoo,

Mimi ni msichana wa miaka 27, nimezaliwa hapa Nateete, Kampala, nimesoma hapa na nauza spea za magari soko la Kisekka. Mama ni Mganda wa Kyotera, baba ni Mhaya wa Tanzania, mkoa wa Kagera upande wa Muleba. Baba aliingia Uganda miaka ya tisini mwanzoni, alikuwa anavusha kahawa usiku na wenzake kwa baiskeli kwa sababu bei ya huku ilikuwa nzuri, afu safari moja hakurudi, akabaki, akajifunza kuchomelea vyuma, akampata mama na ndo tukazaliwa sisi wanne, mimi wa kwanza.

Shida yangu ni hii, kwao baba sijawahi kukanyaga. Na siyo mbali jamani! Kwa kina mama Kyotera tunaenda kila Krismasi na kutoka hapo Mutukula ni hapo tu, maroli unayaona yanashuka border, lakini baba hajawahi hata siku moja kusema twende. Ukimuuliza anasema "kuna nini kule". Babu alifariki mimi niko P4, darasa la nne, nakumbuka baba alipigiwa simu, akakaa nje kwenye kigoda mpaka usiku sana, asubuhi akaenda kazini kama kawaida. Hakwenda kuzika. Mpaka leo hiyo stori nyumbani haiguswi.

Sasa mwaka jana binamu mmoja akanitafuta Facebook akaniingiza kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Senga niliona watu wana sura ya baba yangu nikalia peke yangu dukani, kuna shangazi mmoja ana mwanya kama wangu, yani miaka yote nilikuwa sijui huu mwanya nimeutoa wapi. Na bibi bado yupo, anakaribia 90, binamu akamrekodi voisi anauliza huyo mtoto wangu wa Kampala anakuja lini. Basi mimi kwa furaha nikaandika kwenye grupu, "Desemba nakuja!!"

Hapo ndo pakaharibika. Grupu likanyamaza kimya. Kesho yake mtoto wa baba mdogo akaandika "karibu, ila mambo ya kibanja yalishaisha". Sasa mimi nilitaja kibanja saa ngapi? Mwingine akanifuata inbox na listi, simu ya tachi, karo ya mtoto, mabati 20. Wanadhani Kampala hela tunaokota barabarani.

Nikamuuliza baba hiyo ya kibanja ni nini, akawaka, akasema kama nataka kwenda niende lakini kwa baba mdogo nisilale, na chakula chake nisile, nilale gesti Bukoba mjini. Mama anasema twende mimi na yeye kimyakimya, baba tumwambie tuko Kyotera. Marafiki zangu Kisekka wanasema nenda ukadai haki yako we ndo mtoto wa kwanza. Mimi shamba silitaki Senga, hata kupalilia sijui, nataka nimuone bibi akiwa hai basi.

Kihaya sijui, naelewa kidogo kidogo tu maana kinakaribiana na Luganda. Hapa wananiita Mtanzania, kule naona wataniita Mganda. Niende au niache? Na nikienda niende vipi?

Mtoto wa Mhaya, Nateete

SENGA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nenda, na usikae sana unapanga, maana bibi wa karibu miaka 90 hawezi kungoja bajeti yako ikae sawa. Ila siyo Desemba, na siyo kwa kumdanganya baba yako.

Tuanze na kibanja maana ndo kilichonyamazisha hilo grupu. Kwa Wahaya kibanja siyo ploti ya Kampala kwamba ukichoka unauza unanunua nyingine Wakiso. Nyumba iko humo, migomba humo, kahawa humo, na makaburi ya wazee yako humo humo, ni mali ya ukoo kabla ya kuwa mali ya mtu. Sasa fikiria ukiwa upande wa baba mdogo. Kaka yake aliondoka na baiskeli hakurudi, yeye akabaki, miaka thelathini na kitu anatandaza nyasi, anamwaga samadi, anamlea mama yao, kamzika baba yao peke yake. Na muda wote huo anajua yuko mtu Kampala ambaye siku yoyote anaweza kushuka kwenye gari akasema sehemu yangu iko wapi. Afu ghafla binti wa kwanza wa huyo mtu anaandika Desemba nakuja na alama mbili za mshangao, na Desemba ndo mwezi ambao watoto walioko Dar na Mwanza wanarudi nyumbani na ukoo unakaa vikao vya mambo kama hayo hayo. We uliandika ukiwa na hamu ya bibi, wao wakasoma kama samansi ya korti.

Kwa hiyo usiwachukie. Lile neno "yalishaisha" limeandikwa na mtu anayeogopa, na ukienda na hasira juu yake utamthibitishia kile anachokiogopa.

Hao marafiki zako wa Kisekka waambie waendelee kuuza spea. Tanzania mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya kule ya 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa ya uwekezaji, sasa wewe na paspoti yako ya Uganda utadai nini na kwa nani? Lakini pia asije mtu akakutisha ety mwanamke wa Kihaya hana sauti kwenye shamba. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, jaji Mwalusanya, aliamua kesi ya mama mmoja wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, ndugu wa ukoo akataka mauzo yafutwe kwa sababu mila ilimruhusu mwanamke kutumia ardhi tu, kuuza hapana, na jaji akasema mila hiyo inabagua na inagongana na katiba, mama akashinda. Nakuambia hii siyo ili ukaibebe kwenye mkoba. Nataka ujue kwamba hata mashangazi zako wanaweza kuwa na lao kuhusu hicho kibanja, kwamba ugomvi siyo lazima uwe wa baba yako na mdogo wake tu, kwa hiyo mtu yeyote akianza kukuvuta pembeni jikoni akueleze upande wake, sikiliza, itikia, usiseme neno la kuunga mkono wala kupinga.

Na hapa nakuomba uwe makini sana. Inawezekana akatokea mtu na karatasi, saini hapa tu mwanangu, kwamba upande wa baba yako hauna dai. Usisaini. Hata kama kalamu anakupa bibi mwenyewe. Wewe siyo msemaji wa baba yako, mzee yuko hai, ana simu, wampigie. Sema hivo hivo kwa heshima na ubadilishe mazungumzo. Kingine, ukifika usianze kuzunguka shambani unapiga picha na vidio za migomba na mipaka. Najua unataka kumuonyesha mama, lakini mtu aliye na wasiwasi akiona simu imeelekezwa kwenye mpaka wa shamba anaona ushahidi unakusanywa. Piga picha za watu. Mpige picha bibi, mpige picha huyo shangazi wa mwanya, uwanjani, mchana, kila mtu anaona.

Kabla hujaandika tena kitu chochote kwenye grupu, mpigie baba mdogo. Piga siyo meseji, meseji ndo zimetufikisha hapa. Mwite baba, hizo anko za Kampala ziache kwako. Mwambie unaomba kuja kumsalimia yeye na bibi, mambo ya shamba huyajui na siyo yako kuyasema, hayo ni ya wazee. Muulize wiki gani inamfaa. Ukimuomba ruhusa unakuwa mgeni wake, na mgeni wake atamlinda yeye mwenyewe hata mbele ya hao watoto wake wa kuandika andika. Akishakubali ndo utaandika kwenye grupu kwamba baba amesema nije wiki fulani, mistari miwili basi, bila mshangao. Ningekuwa wewe ningeenda kabla ya Desemba, au Januari watu wa Dar wakisharudi kazini. Unaweza kukosa senene, wale panzi wa kukaanga, pole, utawala Masaka.

Sasa baba yako. Hiyo ya usile chakula chake, kama vile kuna sumu, mimi siioni kama ndo yenyewe. Mwanaume aliyepokea simu ya msiba wa baba yake akakaa nje mpaka usiku afu akaenda kazini, huyo kibanja hakimsumbui kama kaburi linavyomsumbua. Wengi waliovuka kwa njia za panya miaka ile hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha border, wengine hawakuwa na hata nauli, na mwana mkubwa anayeenda kwao mikono mitupu kwenye msiba anaona bora asionekane. Afu mwaka unapita, wa pili, mpaka aibu inakuwa kubwa kuliko safari yenyewe. Ni rahisi zaidi kusema kuna nini kule.

Kwa hiyo mpango wa mama yako hapana. Namuelewa, anataka amani ndani ya nyumba, lakini hebu fikiria, mnamwambia mzee mko Kyotera, bibi kafurahi, binamu kapiga picha, iko kwenye status kabla hamjavuka daraja la Kyaka kurudi. Mtu ambaye aibu yake ni kutokwenda nyumbani atajisikiaje akijua mke na mtoto wamekwenda nyuma ya mgongo wake? Mwambie tarehe waziwazi. Usimuombe ruhusa kama mtoto mdogo, una miaka 27, mpe taarifa kwa adabu. Na jioni akiwa ametulia usimuulize kibanja tena. Muulize babu amezikwa upande gani wa nyumba. Muulize alicheza na nani utotoni, huyo rafiki yupo? Muulize bibi alikuwa anapenda nini. Haya anaweza kuyajibu bila kujitetea. Afu muombe voisi ya dakika moja kwa mama yake, umpelekee wewe mkononi. Akikataa mwache, usimrekodi kwa siri, wala usimsimange. Wanaume wengine voisi wanaituma siku ya kuondoka saa kumi na moja asubuhi basi likiwa linawasha injini Kampala.

Kulala. Baba kasema kwa baba mdogo hapana, mtii, lakini gesti Bukoba mjini nayo ni tusi, mjukuu anakuja mara ya kwanza afu analala kwa kulipia! Lala kwa shangazi wa mwanya. Dada wa baba ndo senga wako, kwetu Buganda na kule pia mtoto wa kaka akifikia kwa shangazi hakuna wa kuuliza kwa nini, baba mdogo hatakasirika na baba yako hutakuwa umemvunjia neno.

Chakula hapo siko na mzee wako. Kula. Ukienda kwa bibi ukasema nimeshiba hapo umemaliza safari. Ndizi utakazoletewa siyo matooke ya mama, kule wanazimenya wanazichemsha nzima nzima na maharage kwenye sufuria moja, hazipondwi kwenye majani, na tafadhali usiseme kwetu tunapika vizuri zaidi. Utaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, chukua mbegu kadhaa kwa mikono miwili, tafuna taratibu, ganda unatema, bibi wa Kyotera nadhani alishakupa utotoni.

Kuhusu lugha na kuitwa Mganda, binti yangu, achana nalo, watakuita Mganda siku ya kwanza na siku ya tatu watakutuma maji kisimani kama wengine. Kitakachowaudhi ni namna tunavyoongea Kiswahili huku. Baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, sawa, lakini wengi wetu bado tunakiongea kama tuko kambini, leta, toa, njoo. Kule watu wanaomba. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, na kwa bibi piga magoti tu kama unavyopiga kwa kina mama yako, hatakuona mgeni. Na utani wa Amin usithubutu, hata kama huku unauona wa kuchekesha. Wanajeshi wake waliingia Kagera Oktoba 1978, wakaua, wakapora ng'ombe, watu wakakimbia makwao, na lile daraja la Kyaka utakalopita lilivunjwa vita hivo hivo. Wazee wenye umri wa bibi yako waliyaona kwa macho.

Listi ya inbox. Simu ya tachi hapana, mabati hapana, karo ndo hapana kabisa kwa sababu ukilipa muhula mmoja tayari we ndo mlezi. Usijibu kwa kirefu, sema safari hii najipanga kuja kuwasalimia, basi. Beba vitu vya kugawana nyumba nzima, sukari, sabuni, chumvi, majani ya chai, blanketi zito la bibi na shati zuri la baba mdogo. Hilo shati usilisahau, yeye ndo aliyebaki na hakuna aliyewahi kumshukuru. Hela kidogo ya bibi mpe mkononi mkiwa wawili.

Njiani sasa, haraka haraka. Ndagamuntu, kitambulisho chetu cha taifa, inakuvusha kwenda Kenya na Rwanda, Tanzania haimo kwenye mpango huo, kwa hiyo paspoti, au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki kutoka uhamiaji. Viza hulipi. Mabasi ya Kampala kwenda Bukoba yapo, au unakwenda kwa takisi za kuungaunga Masaka, Kyotera, Mutukula, na kutoka Mutukula mpaka Bukoba ni kama kilomita 80 za lami, afu Muleba ni mbele. Hela badilisha kwenye ofisi ya forex siyo kwa kijana anayekimbilia dirisha la gari, hesabu mwenyewe. Laini ya MTN kule haina mtandao wake, na ya Tanzania inasajiliwa kwa paspoti na alama za vidole, siku chache hizo omba binamu akuwashie hotspoti.

Kaveera! Hii inawakamata sana watu wetu. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019 na siyo kwenye makaratasi tu kama huku, kukutwa nayo tu ni faini. Hiyo sukari na sabuni ukinunua soko la Owino ukafungiwa kwenye kaveera, hamishia kwenye kikapu au begi la kitambaa kabla hujafika border.

Na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, Mutukula wanaiuliza kwa anayetoka Uganda. Inabidi uwe umechomwa angalau siku 10 kabla ya kuvuka, ukichomwa mara moja inatosha maisha. Kama hujachomwa anza na hiyo wiki hii, afu jioni mpigie baba mdogo.